Kisima cha Yosefu na Ngoma ya Masanja

Jumamosi. Joto, vumbi, wingu hata moja hakuna.

Hujambo, dada Raheli? Miguu imepoa? Watoto hapo Songwa wazima? Sisi tu wazima wa mwili, Mungu asifiwe. Moyo ndio haujatulia. Kurasa hizi huwa najiandikia mwenyewe, ila leo nataka uzisome wewe.

Yosefu wangu amerudi na wenzake wanne wa chuo cha ualimu. Siku hizi huko chuoni kuwatumikia watu ni somo, lina alama kama hesabu. Wamepewa kuchimba kisima hapa kwetu, lakini pamoja na wanakijiji. Wakichimba peke yao, wameanguka. Mwalimu wao anakuja mwisho wa wiki ijayo kutazama.

Na watu hawaji.

Chuo kilimwandikia mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, naye akatangaza. Basi kwa watu imekuwa amri, kama yale matuta tunayolazimishwa kulima. Jana Mama Shija alipita na mtungi kichwani, akamwona Yosefu yumo shimoni.

"Wee mwalimu, umefungwa kwa kosa gani?"

Watu wakacheka. Yosefu naye akacheka, lakini jioni hakula.

Nikaomba, kisha nikaenda kwa Masanja. Unamjua, ndiye nsumba ntale, kiongozi wa vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu. Akiita yeye, habaki mtu nyumbani.

"Shikamoo, Mama Yosefu. Kuchimba tutachimba," akasema. "Ila sisi hatufanyi kazi kimya kama tuko msibani. Ngoma itakuwepo."

"Ngoma tupu, au na dawa zenu za uganga?"

"Ah, mama! Ngoma bila dawa si debe tu hilo?"

Unaona nilipokwama, dada? Mchungaji amekataza Wakristo kusimama penye ngoma ile, na chuo ni cha misheni. Ikilia, kisima tutapata, na mwanangu huenda akafukuzwa. Isipolia, anaanguka. Nami ndiye ninayewaongoza akina mama kanisani!

Nimeomba hadi magoti yanauma. Sijapata jibu.

Leo asubuhi nikamweleza Yosefu. Alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe.

"Nitamwomba Masanja waimbe tu, mama."

"Akikataa?"

"Nitachimba naye hivyo hivyo. Mwalimu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu."

Nilitaka kumkataza. Badala yake nikachukua shati lake jeupe, lile atakalosimama nalo mbele ya mwalimu, nikaenda kulifua.

Sasa limekauka. Ungekuwa wewe, ungemzuia?

Mume wa Ester, jirani yangu, anakuja huko kwa baiskeli Jumatatu, nitampa kurasa hizi. Tafadhali dada, nijibu upesi, kabla mwalimu hajafika.