Bernadette Amekula Lituma

Régine wangu,

Amepona! Binti yetu Bernadette amepona, nami siwezi kukaa na habari hii peke yangu. Nakuandikia hapa hospitali, nimekaa kwenye kitanda chake, naye ananisukuma nisogee.

Ilimkamata homa kama ile iliyokuchukua wewe, siku zile za vita, mizinga haikutuachia hata njia ya kufika hapa. Safari hii njia ilikuwepo. Lakini miguu yake ilijaa vidoa vyekundu kama ameumwa na viroboto, na fizi zilitoka damu. Docteur alinieleza polepole, maana sura yangu ya mtu asiyeelewa unaijua: ndani ya damu kuna chembe ndogo zinazoziba vidonda, na za mtoto zimebaki chache mno. Kinini, dawa ya malaria, apewe kwa mshipa tu. Ukimchoma sindano ya matako, damu itavujia ndani ya nyama, pengine isisimame.

Sasa kamwambie hayo dada yako Véro. Alishamleta infirmier, muuguzi wa soko la Mangobo, bomba la sindano mkononi, dawa ndani.

"Dawa bila sindano iko chai tu," akaniambia. "Unataka huyu naye afuate mama yake?"

Régine, unajua sijawahi kumpinga Véro, hata juu ya chumvi. Nikasimama mlangoni na tumbo langu hili.

"Shemeji, leo hupiti."

Akanitazama juu mpaka chini, akaona kweli mlango umejaa. Akaketi. Infirmier akaondoka na bomba lake.

Bon. Ikatakiwa damu, tena ya moto, itoke kwa mtu siku hiyohiyo, maana chembe hizo hazidumu katika damu iliyowekwa. Nikakunja mkono wa shati kama shujaa. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Aliyelala mahali pangu ni Véro. Damu yake ilikubaliana na ya mtoto, na sindano aliyoitafuta kwa nguvu ilikuwa mkononi mwake. Alicheka mpaka wakamwomba atulie.

Kesho yake fizi zilikauka. Leo Bernadette amekula lituma ya ndizi za kuponda na samaki, akalalamika kwamba ya kwako ilikuwa laini zaidi. Nikatoka nje nikalia... kisha nikarudi nikamalizia sahani.

Pumzika, mke wangu. Askari wakiruhusu pirogi zivuke mto tena, nitamleta ng'ambo kaburini kwako, kwa miguu yake mwenyewe, akusimulie yote. Mimi nitanyamaza. Naahidi. Najua huamini.

Albert wako