Punda Wetu Hasimami, na Sababu Naijua Mimi

Bi Hyasinta, shikamoo. Ukurasa wako nausoma tangu sijaolewa na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa kukuandikia, tena habari ya punda, lakini nimekwama na sina wa kumwambia, kwa hiyo nisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Naitwa Zeina, nina miaka arobaini na sita, tunaishi Mchafukoge kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu Taimur, chini kuna maduka na nyuma kuna ua wa saruji. Taimur anauza vifaa vya sherehe za watoto pale Kariakoo, maputo na makofia, na miaka miwili iliyopita alinunua punda kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga bustani yake ya michezo. Si mtoto wa punda, ni punda mzima ila ni wa aina ya vibeti, mgongo wake haufiki kiunoni mwangu, na Jumamosi Taimur humpeleka kwenye sherehe watoto wapige naye picha. Anaitwa Kashata. Siku sita zilizobaki anakaa uani, na anayekaa naye ni mimi.

Mimi nakaanga maandazi ya oda kwa migahawa miwili ya jirani, na yale yaliyoungua au kupasuka nikaanza kumpa Kashata, mara mawili, mara matano, baadaye na mkate uliolala na ukoko wa wali, kwa sababu, niseme ukweli, watoto wangu wamekua wameondoka, Taimur anarudi na simu sikioni, na katika nyumba ile hakuna mwingine anayenyanyua kichwa akisikia ndala zangu kwenye ngazi.

Sasa, kuna fundi viatu anaitwa Filbert, alikuwa na meza yake kwenye kibaraza chetu kwa miaka tisa. Amekulia Kondoa, kwao walifuga punda, na ndiye aliyekuwa anamkata Kashata kwato kila baada ya wiki saba, kwa kisu na tupa, taratibu, huku anamsemesha. Alinionya mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mama, huyu ni mnyama wa nyasi kavu. Ngano na sukari vinamshukia kwenye kwato." Nikamwambia nimesikia. Mara ya pili alimkuta ana andazi mdomoni, akasema, "Mama, utamlemaza." Nikamjibu, "Wewe shona viatu."

Mwezi uliopita Kashata akaanza kutembea kama anayekanyaga makaa, anaegemea nyuma kana kwamba miguu ya mbele si yake, halafu akawa analala kutwa, na kwato za mbele ukizishika ni za moto. Taimur akamleta daktari wa mifugo, Dokta Athanas. Uani tulijaa, Taimur, mama mkwe wangu Bi Amira, wapangaji watatu na Filbert mwenyewe.

Daktari akaniuliza, "Mama, anakula nini?"

"Majani makavu, na pumba kidogo."

"Hapati mkate? Wali? Vitu vya ngano?"

"Hapana, Dokta."

Bi Hyasinta, Taimur alishasema mezani mbele ya mama yake kwamba atakayemharibia punda kwa vyakula vya ovyo ataondoka na punda huyo kwenda kwao. Labda alikuwa anatania, sijui. Filbert alinitazama, hakusema kitu, mimi nikatazama chini. Daktari akasema basi kama chakula ni hicho, huenda kwato zilikatwa kupita kiasi, na Taimur hakusubiri amalize. "Filbert, beba meza yako. Usikanyage tena hapa." Filbert akakusanya vitu vyake mbele ya wote, akavuka barabara, na sasa anashona juani, nikifungua dirisha namwona.

Na kuna kibaya zaidi ya hicho. Bado nampa. Hataki kuinuka, ananitazama, huruma inanishika, nampelekea andazi moja la kumfariji. Taimur anasema asipopona mwisho wa mwezi atampeleka mnadani Pugu. Nikisema ukweli nitaaibika mbele ya mama mkwe na ndoa itatikisika, nisiposema punda anaondoka, na Filbert ndiyo hivyo ameshaondoka. Nifanye nini?

Zeina, Mchafukoge


JIBU

Marahaba, Zeina. Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii nimekaa nayo wiki mbili. Siku niliyoipokea nilikupigia simu hapohapo, maana gazeti linaweza kusubiri Jumamosi lakini punda aliyevimba ndani ya kwato hawezi. Nilikukuta jikoni, mafuta yanachemka yanasikika, na neno langu la kwanza lilikuwa uzime jiko. Ulicheka. Mimi sikucheka.

Nimewajibu wanawake walioficha mimba, madeni na waume wa pili. Sijawahi kujibu mtu aliyeficha maandazi. Na bado ni yale yale: mficha maradhi, kifo humuumbua, isipokuwa wewe umeficha maradhi ya kiumbe mwingine, ambaye hana mdomo wa kukukanusha. Punda akiumwa halii kama mbuzi, ananyamaza tu. Akifikia kulala kutwa ujue maumivu alishayabeba siku nyingi, na wewe ukamfariji kwa kitu kilekile kinachomuumiza. Huruma ya namna hiyo, mwanangu, ilikuwa inakufariji wewe.

Upweke wako nimeusikia na siudharau. Nyumba yenye watu wengi wasiokutazama inachosha kuliko nyumba tupu. Lakini hayo ungemwambia mumeo, si kumlisha punda.

Nilikuamuru umpigie daktari kabla ya kumwambia mtu yeyote, kwa sababu aibu yako ingeweza kungoja na dawa isingeweza. Ulimpigia. Alikujibu, "Mama, ungeniambia siku ile, sasa hivi angekuwa anatembea." Alikuja jioni ileile na dawa ya maumivu, na aliyosema nayarudia kwa kila mwenye punda mjini, maana wapo. Ngano, wali na sukari ni marufuku, hata kidogo, hata sikukuu. Alishwe majani makavu na mabua. Lakini usije ukamshindisha njaa ukidhani unamtibu, punda akikosa chakula ghafla mafuta ya mwili yanaingia kwenye damu na yanamuua upesi kuliko andazi. Saruji yenu ifunikwe mchanga mkavu au maranda, kinyesi kizolewe asubuhi na jioni, maana ukwato ukikaa kwenye mkojo unaoza. Kila siku anyanyuliwe miguu, achokolewe uchafu. Na kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane na mtu anayejua kazi.

Anayejua kazi ulikuwa naye kibarazani miaka tisa.

Ulipomwambia Taimur, aliketi kwenye ngazi, akauliza, "Na Filbert alijua?" Ukasema ndiyo. "Akanyamaza?" Ndiyo. Hakukufukuza. Mama mkwe wako ndiye aliyekushangaza kwa kukiri kwamba na yeye alikuwa anamtupia Kashata vipande vya mkate kutoka dirishani. Nyumba nzima mlikuwa mnamlemaza, kila mtu kwa siri yake, na adhabu akabeba fundi viatu.

Wewe ulitaka kwenda kumnong'oneza Filbert radhi na kumpelekea sahani ya pilau. Nilikukatalia na bado nakataa. Ulimsingizia kwa kunyamaza mbele ya watu saba, huwezi kumsafisha kwa kunong'ona. Ndiyo maana nilikutaka uniruhusu kuchapisha majina, ukalia, kisha ukakubali, na kwa hilo nakuheshimu. Mtaa ulimwona akivuka barabara na meza yake, acha mtaa usome kwa nini.

Taimur naye nilimwambia kwa simu aende mwenyewe, mchana, wale wapangaji wakiwepo. Juzi alikwenda. Akasimama juani mbele ya meza, akasema, "Filbert, nilikufukuza bila kuuliza. Nimekosa. Kibaraza ni chako, rudi." Filbert alimsikiliza huku anashona, akakata uzi, akamkabidhi mteja kiatu chake. Ndipo akasema, "Punda nitakuja kumwona Jumamosi. Meza yangu iache hapa hapa."

Zeina, umenipigia unauliza mfanye nini ili arudi kibarazani. Msifanye kitu. Mchangieni turubai la kumkinga jua, kama atalikubali, na Jumamosi akija mwacheni afanye kazi yake bila hotuba. Daktari ananiambia Kashata sasa anasimama robo saa kwa wakati mmoja na itachukua miezi kabla hajatembea vizuri. Shika mguu, Filbert apige tupa, na akikuambia neno kuhusu chakula, safari hii mjibu, "Ndiyo, fundi."