Mpe Aline Miguu Yako

Mama yangu mpendwa,

Watu huanza barua kwa kuuliza umeamkaje. Swali hilo limenishinda tangu nishike kalamu, kwa sababu kuamka ni kwa aliyelala. Basi nakuuliza mengine. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zinapatikana, au mbalamwezi imekuwa kali na wavuvi wanarudi mikono mitupu? Na ule ukuta wa jikoni ulioinama, umepata mtu wa kuusimamisha? Mimi ni mzima wa mwili. Nairobi ni baridi miezi hii, navaa soksi mbilimbili, ungeniona ungecheka.

Aline, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua, kwenye Biblia pia ulikuwa unaruka.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ndiyo iliyotuharibia. Jirani yangu hapa, Mama Byamungu, anakuja huko Uvira kwenye msiba wa kaka yake, nami nimemwomba akupe barua hii mkononi mwako.

Mama, kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri. Nilikwambia niko saluni, ukadhani nasuka nywele, nikanyamaza kwa aibu. Ninakanda miguu ya watu. Mteja anaketi, naweka miguu yake katika beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, naipangusa, naipakata kwenye mapaja yangu, kisha nabonyeza nyayo kwa dole gumba, kutoka kisigino hadi vidoleni. Ukutani kuna picha ya unyayo, imeandikwa sehemu hii ni ya kichwa, hii ya moyo, hii ya tumbo. Bosi wangu anaapa kwamba yote ni kweli. Mimi siapi. Ninachojua ni kwamba mtu akishikwa miguu kwa upole, mabega yanashuka, pumzi inatulia. Wengi wanaokuja hapa wamekosa usingizi, na wengi wanasinzia palepale.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, mjane, huja kila Alhamisi. Wiki iliyopita alikoroma mpaka bosi akazima redio. Alipozinduka alinishika mkono akaniambia, "Binti, umenipatia usingizi. Mama yako ana bahati, yeye lazima analala vizuri huko kwenu." Nikasema ndiyo. Nilikwenda kumwaga maji ya beseni nikakaa huko nyuma mpaka wakaniita. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba mganga anaweza kumnyima mama yake kile anachowagawia wageni.

Kwa maana ni mimi niliyekunyima, na wewe unajua, ila hatujawahi kusema.

Siku ile ulikuwa umetoka alfajiri kupokea mitumbwi, kama kila siku. Mwenye kununua ndagala ufukoni alfajiri hulala mchana. Ndivyo ulivyotulea, na sote tulikua. Hapo mtaani kwetu Mulongwe hapakunyesha hata tone. Mvua ilipiga milimani, mto ukashuka na mawe yake bila kumwonya mtu. Sifa wangu, niliyemwacha kwako nilipofiwa na mume nikaja kutafuta maisha, alikuwa kando ya maji anaosha viatu vyake vya shule.

Jioni ulinipigia mwenyewe. Ulisema, "Faida, mutoto amekwenda na maji." Nami, badala ya kulia pamoja nawe, nikakuuliza, "Na weye, ulikuwa unalala?" Nyuma yako nilisikia wanawake wanalia. Kisha ukajibu, "Ndiyo, nilikuwa nalala," na simu ikakatika.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo tunazungumza habari za mvua na homa, na Aline ananieleza mengine pembeni. "Yaya Faida, Mama halalake tena. Iko anaikala tu ku kiti, anaangalia mulango. Mchana ni vile, usiku ni vile." Aliniambia pia kwamba umeanguka sokoni na sahani ya ndagala mkononi, na kwamba mganga wa pale dispansari alisema mwili wako hautavumilia zaidi. Ndipo nikamwelekeza Aline namna ya kukukanda. Akatia maji, akakushika, ukaivuta miguu yako na kumwambia, "Miguu ya muntu banaishikaka siku amekufa." Aline aliona umekasirika. Mimi sikuona hasira. Nilijua miguu uliyokuwa unaiwaza.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu.

Unakumbuka ulinitumia kipimo cha viatu vile vya shule vya Sifa? Ulimsimamisha Sifa juu ya karatasi ya daftari, ukazungusha kalamu, kama ulivyotufanyia sisi Baba alipokuwa anasafiri Kalemie. Nilikwenda dukani na karatasi ile. Kulikuwa na vyeusi na vyeupe. Muuzaji akanishauri, chukua vyeusi mama, ndivyo vya shule, havionyeshi uchafu. Nikachukua vyeupe. Nilitaka majirani waone kwamba Sifa ana mama anayefanya kazi ng'ambo. Mtoto mwenye viatu vyeusi hana haja ya kwenda mtoni kila wiki.

Nilikuuliza kama ulikuwa unalala ili nisijiulize nilinunua nini. Nisamehe, Mama. Nimelibeba hili peke yangu, na wewe ukabeba langu pamoja na lako.

Wasalimie wajomba zangu wa Katogota, uwaambie mihogo yao naikumbuka. Msalimie shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kulala nawe siku zote za msiba. Wasalimie akina mama wa ndagala, hasa yule wa meza ya jirani anayekutunzia biashara unapopatwa na kizunguzungu. Mchungaji mwambie sijaacha kuimba, ingawa kwaya ya huku inanicheka kwa Kiswahili changu.

Nyuma ya karatasi hii kuna mguu. Usishtuke, si ule wa Sifa. Ule nimebaki nao, siwezi kuutoa. Huu ni wangu, nimesimama juu ya barua yako nikauchora. Nimetia alama tatu: kisigino, katikati ya unyayo, na chini ya kidole kikubwa. Aline abonyeze hapo taratibu, asiwe na haraka kama mtu anayekanda bugali.

Ulisema miguu ya mtu hushikwa siku akifa. Ni kweli, kwetu ni hivyo. Wewe ndiye uliyetoa matope kati ya vidole vya miguu ya Sifa walipompata. Siku ya mazishi njia ilikuwa imefungwa, mimi sikufika. Nimeshika miguu ya watu wa mji huu mpaka vidole vyangu vimeota sugu, na ya mwanangu sikuishika. Imebaki yako tu. Usiningojeshe mpaka siku hiyo unayoisema, maana hata siku hiyo huenda nisifike.

Kesho ukirudi kutoka ufukoni, mpe Aline miguu yako, kisha ufunge mlango ulale mchana, kama zamani. Hukukosea kulala.

Ni mimi mwanao,
Faida, ambaye huko nyumbani bado mnamwita Mama Sifa