Mstari Chini ya Nyota

Kitangari, Newala
3 Novemba 2024

Mpendwa Dada Imakulata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu baridi ya Njombe ipungue. Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, nafundisha, usingizi ndio unanipitia mbali. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Ningepiga simu ungenikatiza katikati ukaanza kunitetea, na shida yangu ndiyo hiyo hiyo, kila mtu ananitetea.

Nianze na kamera uliyoninunulia. Huku juu Newala, kuanzia Juni mpaka mvua zinapokaribia, anga ni safi mno, na umeme ukikatika wenzangu wananuna, mimi nachukua stendi ya kamera natoka. Unajua nikishikwa na habari za nyota sijui kunyamaza. Majirani wote sasa wanajua kwamba ziko sayari zinazozunguka nyota nyingine kama hii yetu inavyozunguka jua, na kwamba karibu zote hatuzioni. Tunazijua kwa sababu mwanga wa nyota hupungua kidogo sayari ikipita mbele yake. Niliwaambia pia kwamba kwenye baadhi ya sayari hizo umegunduliwa mvuke wa maji. Hapo wanawake waliinua vichwa. Jirani yangu Mama Fikirini, mjane anayelima mihogo na korosho kidogo, aliniuliza kama huko nako maji yanatoka bombani au wanateremka bondeni. Tulicheka sana, mimi na yeye. Nakueleza hili ujue tulivyokuwa tunaelewana.

Maana hapa maji ndiyo kila kitu. Bomba hupitisha hewa. Wenye nyumba za bati hukinga mvua na kuyahifadhi maji yake kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na hayo ndiyo yanayowavusha kiangazi. Kisima kikubwa kuliko vyote upande wetu ni cha Mzee Barnaba, katekista mstaafu. Hakina kufuli, kina mfuniko tu. Kila wiki Mzee alikuwa akimgawia Mama Fikirini ndoo nne, kwa kuwa nyumba yake ni ya nyasi na haikingi kitu. Mwezi wa kumi Mzee akaanza kulalamika kwamba maji yanashuka haraka kuliko yanavyotumika nyumbani kwake. Kuna mtu alikuwa anachota.

Mwezi huo huo shuleni kwetu kulikuwa na kikao cha wazazi. Nikaomba ukuta mmoja wa darasa nibandike picha zangu. Nilikwenda Masasi kuzichapisha. Kijana wa duka moja kule Mkomaindo akaniambia wino wa rangi umekwisha, umebaki mweusi. Nikasema haina neno, nyota ni nyeupe hata hivyo. Picha niliyoipenda kuliko zote nikaitoa kubwa kama mlango. Hiyo niliipiga kwa saa mbili, kamera ikiwa wazi bila kufumba, ikitazama kusini, na kila nyota imechora kipande cha duara ndani ya kipande cha mwenzake. Ncha ya kusini ya anga huku kwetu iko chini, karibu kugusa ardhi, kwa hiyo kamera haikuinuliwa sana, na nyumba zetu nazo zikaingia ukingoni.

Dada, siku ya kikao nilisimama kando ya picha ile kama bwana harusi. Wazazi wakaja, wakaitazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kuinama. Hakuna aliyekuwa na haja na nyota. Walikuwa wanatazama chini kabisa, palipokuwa na mstari mwembamba wa mwanga ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuona kwenye kioo kidogo cha kamera. Ulianzia kichochoroni, ukapita nyuma ya nyumba ya Mama Fikirini, ukaenda hadi kisimani kwa Mzee Barnaba, ukarudi. Wakaniuliza ni nini kile. Nami, kwa kiherehere cha mwalimu, nikaeleza: kamera ikiachwa wazi, chochote kinachowaka na kutembea hujichora chenyewe. Somo ambalo kidato cha tatu wamenishinda nalo mwaka mzima, wazazi wale walilielewa kwa dakika moja.

Kichochoro kile kinatoka kwenye nyumba mbili tu, ya Mama Fikirini na yangu. Mimi hakuna aliyenifikiria. Mwenyekiti wa kitongoji alisema mpiga picha hawezi kuwa mbele ya kamera yake, na wote wakaitikia. Mama Fikirini alipoulizwa alisema hajachota. Hakulia wala hakuapa, na watu wakaona hata huko kutoapa ni ushahidi. Mzee Barnaba akazikata zile ndoo nne. Tangu siku ile mama yule anateremka chemchemi ya bondeni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mtoto wake mdogo mgongoni. Wanawake waliokuwa wakipitia kwake kuazima kinu sasa wanapita moja kwa moja.

Sasa nikuambie. Jioni ya kikao niliifungua picha ile kwenye kompyuta, yenye rangi zake zote, na mstari ule, kama nilivyohofia, ulikuwa mwekundu. Sisi watu wa nyota tochi zetu huzipaka rangi nyekundu ya kucha, ili macho yaliyokwisha kuzoea giza yasiharibike. Kitangari nzima tochi ya namna hiyo ni moja. Ni mimi, Dada. Nilikuwa naiacha kamera inafanya kazi, naenda kuchota. Ndoo kumi na moja ndani ya wiki tatu. Gari la maji tunalonunulia sisi watumishi lilikuwa limeharibika, na niliona aibu, mwalimu mzima, kuteremka bondeni na ndoo. Ningemwomba Mzee angenipa, tena kwa furaha. Kwa nini sikuomba?

Na si hilo linalonichanganya zaidi. Wiki moja baada ya kikao nilikutana na Mama Fikirini njiani. Nikajikakamua kumsalimia. Akaitika vizuri, akaniuliza habari za shule, kisha akaniomba, taratibu kabisa, kwamba nikipita dirishani kwake na ile tochi yangu nyekundu niwe naifunika, maana mtoto huamka. Akaenda zake. Kumbe alijua! Alijua mbele ya mwenyekiti, alijua wakati ndoo zake zinakatwa. Hakunitaja kwa nini? Kwa sababu namfundisha Fikirini? Aliona hawatamwamini? Au alikuwa ananisubiri nijitaje mwenyewe, na mimi nimesimama pale naeleza habari za mwanga?

Nikaenda kwa Mzee Barnaba nikakiri yote. Akanishika mkono, akasema mwalimu nina moyo mzuri, nataka kumsitiri mjane. Nikamwonyesha mstari mwekundu kwenye kompyuta. Akasema siku hizi mashine hutia rangi yoyote. Kufikia jioni habari ikawa nyingine kabisa, kwamba mwalimu kabeba kosa la Mama Fikirini kwa sababu kuna jambo kati yao. Nilikwenda kumfuta tope nikampaka jingine. Siku hiyo nilikaa kitandani na viatu mpaka kukakucha.

Juzi baada ya vipindi nikachukua ndoo nikateremka bondeni pamoja na wanawake. Ule mlima unaua, Dada. Nilifika juu na nusu ndoo, shati limelowa, wanafunzi wangu wananitazama. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee, nikafunua kisima, nikamimina mbele ya watu. Jana nikarudia. Leo asubuhi nilipomimina ya tatu, Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama ndoo yangu, akakitazama kisima. Kisha akamtuma mkewe kwa Mama Fikirini, aje achote kama zamani, na aambiwe kwamba aliyekosa ni yeye Mzee.

Jioni hii Mama Fikirini ametoka, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Watu walikuwa wamekaa barazani wanamngoja. Alifika mbele ya kisima, akamwamkia Mzee kwa heshima zote, akanisalimia na mimi, akapita, akateremka bondeni.

Hasira yake ile sijui ni kwa Mzee au ni kwangu. Nadhani ni kwangu, na inaniuma kuliko kama angenitukana. Wewe ni mwanamke, na unanijua tangu nikiwa natambaa. Niambie, Dada, anataka nini kwangu? Maana nikimwomba radhi watu watasema, na nisipomwomba nitaishije hapa, ukuta kwa ukuta na yeye?

Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu kwamba sijambo na kwamba mvua bado haijaanza. Nangoja majibu yako.

Mdogo wako akupendaye,
Lucian