Diski Nilizozizika Zikiwa Hai

Jumanne, baada ya chakula

Diski hazikufa! Siku mbili nimewaambia watu zimekufa, kumbe.

Umeme ulikatika Jumapili, mara ya kwanza tangu tufungiwe kabati jipya la diski. Jana uliporudi tukawasha kila kitu kwa swichi moja, kama tulivyozoea, na seva ya Unix, kompyuta kuu ya hospitali, ikadai haioni diski hata moja. Humo ndimo zilimo rekodi zote za wagonjwa. Nilibadilisha nyaya za fiba mara tatu, kisha nikamwandikia mganga mkuu barua kwamba rekodi zimepotea.

Ndeshi, mdogo kuliko sote kitengoni, hakugusa waya. Alikaa na kitabu cha draiva, ile programu inayoiwezesha seva kuzungumza na diski, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku sisi tukibishana. Leo mchana akazima vyote. Akawasha kabati kwanza, akanywa chai yake taratibu, ndipo akawasha seva. Diski zote zikaonekana! Binti ana kichwa huyu.

“Seva ikiwaka tu, draiva inapiga hodi,” alinieleza. “Kabati bado linaamka. Isipoitikiwa inaondoka. Kaka, ukipiga hodi nyumbani kwangu mtaani Sakina nikiwa bafuni, utatangaza msiba?”

Nilicheka, lakini aibu ninayo mpaka sasa. Mkuu wa kitengo ni mimi, na kitabu kile nilikuwa nakiwekea kikombe juu.

Barua bado iko mfukoni. Jana niliipeleka kwa mganga mkuu, nikapiga hodi mara tatu, kimya, nikaondoka zangu.