Mama Anayelia Mwanzoni mwa Albamu Yenu

Joensuu, 14 Novemba 2004

Mjukuu wangu Kerttu,

Nimekuficha jambo kuhusu yule mama anayelia mwanzoni mwa albamu ya kwanza ya bendi yenu, kabla magitaa hayajaingia.

Nesi ameniwekea albamu hiyo tena leo. "Mzee Sissonen, makelele haya hayakuumizi kichwa?" Hayaniumizi. Uliponiomba ile kanda ya zamani niliyorekodi kilio chake ulinitania, "Babu, bibi huyu anatushinda kwa kelele. Anaitwa nani?" Nikasema hajulikani, nanyi mkachapa hivyo kwenye jalada. Sasa albamu imo madukani, nami siwezi hata kuketi bila kushikwa.

Mwaka 1958 nilikwenda kwake na profesa wangu, tumebeba mashine ya kurekodi. Chuoni walikuwa wakiwacheka waombolezaji wa Kikarelia, wanawake wa vijijini wanaoimba vilio, basi nikamuuliza jina kama mtu nisiyemjua. Akanijibu, "Andika tu kwamba sina jina, bwana." Kisha akamwombolezea mtoto wake aliyempotea. Kwa desturi yao anayeliliwa hatajwi kwa jina, kwa hiyo profesa hakushtuka.

Anaitwa Oksenja Sissonen. Ni mama yangu, na mtoto aliyekuwa akimlilia ni mimi.

Babu yako,
Teppana