Buti la Theluji Katika Joto la Richardson

Mama, pokea salamu za wanao wawili.

Huku ughaibuni, mji wa Richardson una joto kama Voi, lakini kaka Mwakio anabuni kifaa cha kushikilia buti kwenye ubao wa kuteleza thelujini. Jana alinivalisha buti ili nikijaribu. Kifaa kikashika, kisha kikakataa kuachia.

"Usivue, Wakesho, nione kimekwama wapi."

Wageni wa kanisani wakanikuta nimesimama ubaoni sebuleni, wakaniombea, wakaniletea pilau papo hapo. Mwakio alikuwa amepiga magoti miguuni pangu, kama zamani akinifunga viatu vya shule. Utosi wake umejaa mvi, Mama. Nikampapasa kwa niaba yako. Kifaa kilishaachia, lakini hakuinuka upesi.

Ulale salama, mama yetu.

Wakesho